Mvua, vumbi na spika za sebuleni: jinsi ya kulinda sauti ya nyumbani Uganda

Mvua za Machi zikianza, mafundi wa redio kuanzia Arua mpaka Busia husikia malalamiko yaleyale: besi imekuwa nzito mno, twita (spika ndogo ya sauti za juu) imefifia, volumu inakwaruza ukiizungusha. Mwenye redio huja na jibu lake kabisa: hewa imejaa maji, kwa hiyo sauti haipiti. Jibu hilo si sahihi. Ukiliamini utanunua spika mpya, kumbe tatizo ni dirisha ulilolifunga au plagi iliyoshika kutu.

Ni kweli hewa hula sauti, hasa zile za juu. Lakini tazama kiasi. Katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70, sauti ya hezi 8,000 (mitetemo 8,000 kwa sekunde) hupungua takriban desibeli 59 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila kilomita. Umbali wa kiti chako mpaka kwenye spika ni mita 3 hivi, kwa hiyo hasara ni chini ya desibeli 0.2, na hakuna sikio litakaloigundua. Tena hewa kavu ndiyo inayokula zaidi: kwa nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 20, hasara hufika desibeli 202 kwa kilomita. Hata hivyo, kwa mita 3 hiyo ni 0.6 tu. Mambo hubadilika kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba, spika zikiwa upande mmoja wa uwanja na wageni wako mita 100 mbali. Hapo hewa kavu inaweza kuiba desibeli 20 za sauti za juu, na maneno ya msemaji yakafika bila ncha. Sebuleni, sahau habari ya hewa.

Unyevu huharibu vitu: karatasi ya spika, ukingo wa sponji, mbao za kisanduku, shaba ya plagi. Na hali ya hewa ina njia nyingine tatu za kuingia kwenye muziki wako: mabati, madirisha na waya wa umeme. Hatua zifuatazo zinashughulikia hayo.

Hatua ya 1: Jua kwanza ni nini kilichobadilika

Chagua rekodi moja unayoifahamu vizuri, yenye sauti ya mtu na ala chache. Kadongo kamu, muziki wa Kiganda wa gitaa na mwimbaji, inafaa sana, maana gitaa na mwimbaji havina pa kujificha. Weka alama ya kalamu kwenye kitufe cha volumu ili usikilize kwa kiwango kilekile kila mara. Sikiliza mchana madirisha yakiwa wazi, kisha usiku yakiwa yamefungwa.

Besi ikiwa nzito usiku tu, kifaa chako ni kizima. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na dirisha likiwa wazi sehemu yake hutoka nje ikaenda zake. Msimu wa mvua tunafunga kila kitu kuzuia mvua na mbu, besi inakosa pa kutokea, inarudi kutoka ukutani na kujirundika kwenye kona. Sogeza spika nusu mita kutoka kwenye kona, kisha usogeze na kiti chako kama kimegusana na ukuta wa nyuma. Pazia zito halitakusaidia kwa besi. Linapunguza makali ya sauti za juu tu, na kwenye sebule ya sakafu ya saruji na kuta za plasta hilo nalo si haba.

Besi isipokuwa ndiyo tatizo, chomeka hedifoni kwenye amplifaya ileile. Mkwaruzo ukisikika humo pia, tafuta ndani ya amplifaya au kwenye chanzo cha muziki. Hedifoni zikiwa safi, zima amplifaya, badilishana nyaya za spika ya kulia na ya kushoto kule zinakoingia kwenye amplifaya, halafu washa tena. Ugonjwa ukihamia spika ya pili, upande ule wa amplifaya ndio mbovu. Ukibaki kwenye spika ileile, basi ni spika yenyewe au waya wake. Jaribio hili halichukui muda, na linakuokoa na fundi anayeanza kwa kufungua kila kitu.

Kitu kimoja zaidi kabla hujalaumu spika: kama muziki unatoka kwenye dishi na hukatika mvua inapopamba moto, kosa liko angani. Dishi nyingi za nyumbani hupokea mawimbi ya karibu gigahezi 12, na matone mazito huyadhoofisha. Redio ya masafa ya kati nayo hupasuka kila radi inapopiga. Hakuna fundi atakayekutibia hilo.

Hatua ya 2: Pima unyevu, usikisie

Kipima unyevu kidogo cha dijiti si ghali, na kinafaa kuliko maoni ya majirani wote. Kiweke nyuma ya amplifaya au ndani ya kabati la vifaa, maana huko ndiko kwenye mashaka. Katikati ya ukuta kitakupa habari njema zisizo na maana. Soma alfajiri na mchana. Vifaa vya sauti hupenda kati ya asilimia 40 na 60. Unyevu ukikaa juu ya 70 kwa wiki kadhaa, kuvu huanza kuota kwenye karatasi, kitambaa na kanda za kaseti.

Vipima vya bei nafuu hudanganya, kwa hiyo kikague kwa chumvi. Weka kijiko cha chumvi ya kupikia kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji kidogo mpaka iwe tope, isiyeyuke. Itie pamoja na kipima ndani ya mfuko au kopo linalofunga kabisa, uache usiku kucha. Hewa ya humo hutulia kwenye asilimia 75. Kikisoma 81, basi kila siku utatoa 6.

Matokeo yatategemea unakoishi. Entebbe na Jinja, ziwa liko mlangoni, na alfajiri mara nyingi hupita asilimia 80. Kabale, iliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, shida yake ni baridi ya usiku: joto likishuka, hewa ileile yenye maji yaleyale hukaribia kujaa, na chuma cha ndani ya kifaa hulowa umande. Moroto mwezi Januari ni kinyume chake. Huko adui ni vumbi, nami nitalifikia. Ukinunua redio Kampala na kupanda nayo basi la usiku kwenda milimani, usiiwashe mara tu unapofika kwenye chumba chenye joto. Iache ndani ya boksi lake saa mbili au tatu.

Hatua ya 3: Inua, sogeza, funua

Sakafu ya saruji isiyo na nailoni chini yake hunyonya maji ya ardhi msimu mzima. Spika iliyosimama juu yake inakunywa kwa miguu. Inua kila kisanduku angalau sentimita 10 kwa matofali au stendi, na kiwe mbali na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja au zaidi.

Kisha viondoe vile vitambaa vya kufuma. Najua ni zawadi, na najua mama mwenye nyumba ana la kusema, lakini amplifaya iliyofunikwa haipumui. Kapasita zake, vipande vinavyohifadhi umeme, hupoteza karibu nusu ya maisha kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Kitambaa kikae juu ya spika kama lazima kikae mahali, au kifunike amplifaya ikiwa imezimwa na imepoa.

Hatua ya 4: Tumia joto dogo kukausha

Hii ndiyo mbinu ninayoiamini kuliko zote, na ni ya bei ya chini. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 90 ukiipasha moto mpaka nyuzi 25 tu, unyevu wake hushuka hadi karibu 66. Hujatoa hata tone la maji. Umeipa hewa nafasi ya kubeba zaidi. Kwa hiyo amplifaya inayopigwa kila siku huishi vizuri kuliko ile inayotunzwa kwa ajili ya Krismasi na Idi. Washa vifaa vyako nusu saa kila jioni msimu wa mvua, hata kwa sauti ya chini.

Kwa kabati lililofungwa lenye kaseti, maikrofoni au deki ya zamani, balbu ya zamani ya waya ya wati 10 au 15 inatosha kulipasha moto. Iwekwe chini, mbali na kitambaa, karatasi na plastiki, kwenye soketi iliyofungwa na mtu anayejua kazi. Balbu za LED hazifai hapa kwa sababu joto lake ni kidogo mno.

Silika jeli, vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu, hufanya kazi ndani ya chombo kilichofungwa tu. Kuvitupa nyuma ya redio kwenye sebule iliyo wazi ni sawa na kujaribu kulikausha Ziwa Victoria. Viweke kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko pamoja na maikrofoni na hedifoni.

Hatua ya 5: Kagua spika yenyewe

Ondoa kitambaa cha mbele na utazame kwa tochi. Spika nyingi zina koni (ule uso unaotetema) ya karatasi, na karatasi hunywa unyevu: inakuwa nzito kidogo na laini kidogo, na sauti inapoteza wepesi. Ikikauka mara nyingi hurudi. Koni za plastiki ya polipropileni hazinywi maji, na kwa mtu wa Entebbe anayenunua leo ningemshauri azipe kipaumbele, hata kama wapenzi wa spika za zamani watanicheka.

Ukingo unaoizunguka koni ndio hufa kwanza. Ukiwa wa sponji, unyevu huuvunja polepole mpaka unageuka kuwa makombo au kitu cha kunatanata. Uguse kwa ncha ya kidole, kwa upole. Ukibaki na alama au ukimeguka, acha kupiga muziki kwa sauti kubwa, maana koni isiyoshikwa vizuri huyumba na kuikwaruza koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni). Ukingo unaweza kubadilishwa bila kununua spika nzima. Mwambie fundi aweke wa mpira, lakini wenye ukubwa na ulaini unaokaribiana na ule wa kwanza, la sivyo besi itabadilika tabia. Ukinunua spika za mtumba kwenye soko la Owino, Kampala, au kwingineko, hiki ndicho kitu cha kwanza kutazama, kabla hata ya kuuliza bei.

Jaribio la pili: redio ikiwa imezimwa, weka vidole vyote pande zote za koni na uisukume ndani taratibu kwa usawa. Inapaswa kwenda na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, kuna kutu au uchafu kwenye nafasi ya sumaku, au koili imepinda. Usiinyunyizie kitu chochote humo.

Tazama pia kisanduku. Vingi vimetengenezwa kwa chipubodi (ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi), na chipubodi iliyolowa huvimba kwenye pembe. Gonga pande zote kwa kiungio cha kidole. Mahali palipoachia hutoa sauti ya mlio mkavu. Gundi ya mbao na klempu za usiku mmoja hurekebisha ufa mdogo. Tundu la besi lililo nyuma lifunike kwa chandarua chembamba, kwa sababu baada ya mvua kumbikumbi huruka na mende hutafuta pakavu, na ndani ya spika ni nyumba nzuri. Mende aliyekufa juu ya saketi ya amplifaya anaweza kuizima redio.

Hatua ya 6: Safisha viungo

Volumu inayokwaruza na upande mmoja unaopotea mpaka uguse waya: karibu kila mara ni kutu kwenye viungo. Zima, chomoa kwenye umeme, kisha chomoa kila jeki na kuirudisha mara kadhaa kwa kuizungusha. Mara nyingi hilo peke yake hurudisha sauti. Palipobaki, tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwa pamba ya kusafishia masikio. Ncha za waya wa spika zikiwa za kijani, zikate sentimita mbili, menya upya mpaka shaba ing'ae. Kwa volumu, dawa maalumu ya kusafishia viungo vya umeme, tone dogo, kisha izungushe mwanzo hadi mwisho. Mafuta ya taa na mafuta ya bawaba hapana: huacha utando unaoshika vumbi.

Hatua ya 7: Mvua ikipiga mabati, usishindane nayo

Hapa ndipo twita nyingi za Uganda zinapokufa. Mazungumzo ya kawaida ni karibu desibeli 60 kwa umbali wa mita moja, na mvua kubwa juu ya mabati yasiyo na siling huzidi hapo kwa urahisi. Watu wako katikati ya filamu iliyotafsiriwa na VJ (msimulizi anayeitafsiri filamu kwa sauti yake), sauti yake imezama, mtu anapandisha volumu mpaka mwisho. Kuongeza desibeli 10 kunahitaji nguvu mara 10: amplifaya iliyokuwa ikitoa wati 5 sasa inadaiwa 50 ambazo pengine haina. Inaanza kukata vichwa vya mawimbi, sauti inapasuka, na nishati nyingi zaidi inamiminika kwenye twita ambayo koili yake ni nyembamba kama unywele. Inaungua kimyakimya. Mvua inakatika, na mwenye nyumba anasema unyevu umeua twita.

Badala yake, sogea. Ukipunguza umbali kutoka mita 4 hadi 2, unaweza kupata hadi desibeli 6, sawa na kuzidisha nguvu mara nne, bure. Punguza besi kwenye amplifaya, kwa kuwa ndiyo inayokula wati nyingi na haisaidii kuelewa maneno. Ukiwa peke yako, vaa hedifoni, ila radi ikiwa karibu hedifoni za waya zivue.

Dawa ya kudumu ni ya paa. Siling ya jipsamu au mbao yenye nafasi ya hewa juu yake hupunguza sana kelele, na zaidi ukilaza juu ya siling safu nene ya nyenzo ya kuzuia sauti. Mabati yaliyopakwa chembe za mawe hupiga kelele kidogo kuliko mabati ya kawaida. Kama huna fedha ya haya sasa, panda ukakaze misumari na uweke vishikizo vya mpira palipolegea. Bati lililolegea hulia kwa mvua, na hulia pia kwa besi yako siku za jua.

Hatua ya 8: Radi na umeme unaorudi

Ukanda unaozunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo. Kwa hiyo mtu kwanza, redio baadaye.

Hesabu sekunde kutoka mmweko hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni takriban kilomita moja. Chomoa vifaa mapema, wingu likiwa bado mbali. Zikifika chini ya sekunde 30, usishike tena waya wowote. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwa sababu pengo lake ni la milimita chache na radi hulivuka. Chomoa plagi, chomoa waya wa dishi, wa antena na wa intaneti kama upo. Watu wengi hukumbuka umeme na kusahau dishi, halafu radi huingia kupitia king'amuzi, hupita kwenye waya wa sauti na kuua amplifaya iliyokuwa imechomolewa ukutani.

Kwa siku za kawaida, umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, friji gadi inafaa hata kwa amplifaya: inakata umeme unapopanda au kushuka mno na husubiri kabla ya kurudisha. Haizuii radi ya karibu, hata muuzaji aseme nini.

Kiangazi kikifika

Vumbi jekundu huziba matundu ya hewa ya amplifaya, na kwa mvua ya kwanza hugeuka tope linalopitisha umeme. Lipulize kwa brashi laini na pampu ya mkono kabla ya mvua, kifaa kikiwa kimechomolewa. Udongo ukikauka, nondo ya erthi (chuma kilichozikwa kupeleka umeme ardhini) nayo hupoteza mguso mzuri na ardhi, na unaweza kusikia mvumo mzito wa hezi 50 ambao msimu wa mvua haukuwepo. Ukiusikia, chomeka vifaa vyote vilivyounganishwa kwa waya wa sauti kwenye soketi moja ya ukutani kwanza. Usipotoka, mwite fundi wa umeme apime nondo na kuishusha zaidi kama inafaa. Usikate pini ya erthi kwenye plagi ili kuondoa mvumo.

Paa likivuja juu ya vifaa

Zima umeme kwenye swichi kuu, ndipo uchomoe. Usiwashe kujaribu. Kifuniko cha amplifaya mwachie fundi, kwa kuwa kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Spika ilaze chali ili koni iliyolowa isijipinde, na usiiguse mpaka ikauke. Weka kivulini penye upepo, au mbele ya feni, siku kadhaa. Jua kali na sigiri (jiko la makaa) hukausha nje haraka na kupinda ndani, na mchele hauna kazi hapa, upike. Unapojaribu, anza kwa sauti ya chini kabisa.

Kisanduku cha chipubodi kilichovimba hakirudi. Lakini spika zilizokuwa ndani mara nyingi ni nzima, na seremala anaweza kukupa kisanduku kipya cha plaiwudi. Kabla hujatupa cha zamani, pima urefu, upana na kina chake kwa ndani, kipenyo cha tundu la besi na urefu wa bomba lake, uviandike na umpe seremala karatasi hiyo.